Sindano Iliyoshindwa na Babu Modesti

Tangazo kwa wananchi wote wa Ufipa, wa mjini na wa mashambani, wa Izia na wa Milepa, wenye redio na wasio na redio. Uhalifu mkubwa kuliko wote uliowahi kuonekana katika nchi hii ya juu umetokea. Serikali imetikisika. Mpelelezi ametumwa, naye ameapa kutotia kitu kinywani mpaka mkosaji atiwe pingu.

Kwa maneno mengine, babu yangu alidungwa sindano ya usingizi, akaimba. Na mpelelezi alikuja na chupa ya chai na maandazi.

Ilikuwa hivi. Babu Modesti, baba mzaa baba yangu, alikuwa nyuma ya jembe la ng'ombe kwenye shamba letu pembeni mwa Izia, ingawa alikatazwa kazi nzito kwa kuwa yuko kwenye dozi ya kifua kikuu. Ng'ombe wetu mmoja, jina lake Kamanda, aliona majani ya jirani akageuka bila kutoa taarifa. Jembe likamfuata Kamanda, mkono wa babu ukalifuata jembe, bega likakataa kwenda nao. Tukamkimbiza kituo cha afya, ambacho sitakitaja kwa sababu nimelelewa vizuri. Tabibu Eustace akalipapasa bega, akasema limetoka na litarudishwa, ila kwanza mzee asinzie ili misuli ilegee.

Babu akadungwa diazepamu. Mtu wa kawaida akidungwa hiyo hufumba macho katikati ya sentensi. Babu alianza wimbo wa kuingilia misa. Akaongezwa nyingine. Akahamia wimbo wa sadaka, sauti ya tatu, kisha ya pili, kisha akawagombeza wagonjwa wenzake kwa kutoitikia. Mikono ilikuwa inamrukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Tabibu alipogusa bega, alipata teke lililomkalisha ndani ya ndoo ya kupigia deki.

Tabibu Eustace alitoka kwenye ndoo akiwa amelowa na ameshafikia uamuzi.

"Hii siyo dawa," alisema. "Haya ni maji. Kuna mtu ameuza dawa akatuwekea maji."

Ufunguo wa kabati la dawa hizo unashikwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo ni muuguzi Emerensiana, mdogo wake mama yangu. Kabla jua halijazama alikuwa ameambiwa avue sare na akae kwenye benchi la nje mpaka polisi waje. Kama ingethibitika, angefukuzwa kazi, angenyang'anywa leseni, na pengine angelala rumande. Na huyo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyekuwa akinificha chini ya kitanda chake mama akitafuta fimbo. Kwa hiyo msomaji aelewe kwamba mwandishi wa habari hizi alikuwa upande wa haki tangu mwanzo. Tangu mwanzo kabisa.

Gari la kumpeleka babu hospitali kubwa lilikuwa limekwama kwenye tope. Wakamfunga mkono kwa kitambaa, wakasubiri. Asubuhi iliyofuata, badala ya gari, akaja Inspekta Monika Shigela kwa pikipiki.

Inspekta Shigela ni mwanamke mfupi, mtu wa Usukuma, na baridi ya Sumbawanga haijawahi kumzoea. Alikuwa amevaa koti juu ya koti. Nilimpokea mlangoni kwa heshima zote nilizofundishwa bwenini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Luciana, mjukuu wa mgonjwa. Nipo likizo, naingia kidato cha nne. Pia mimi ndiye msimamizi wake wa dawa za TB, nahakikisha anameza kila asubuhi. Pia naweza kukutafsiria, maana babu akikasirika anaongea Kifipa tu. Karibu pipi kifua, afande, zinasaidia kwenye baridi hii."

Aliitazama ile pipi, akaitazama sura yangu, akaitia mfukoni.

"Nitaila baadaye," alisema. "Niongoze."

Katika chumba cha dawa, Tabibu Eustace alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi na alizungumza kama anayesoma risala.

"Afande, jambo liko wazi. Dawa ilikuwa halisi ilipoingia, ikawa maji ilipotoka. Kati ya kuingia na kutoka kuna Emerensiana."

"Ulimwona akidunga?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Damu uliiona ikirudi kwenye bomba kabla hajasukuma?"

"Niliiona."

"Kwa hiyo chochote kilichokuwemo kiliingia kwenye mshipa. Hakikuingia kwenye godoro."

"Kiliingia, ndiyo. Maji."

"Chupa mlizotumia kwa mzee ziko wapi?"

Tabibu alionyesha kisanduku cha kutupia sindano. Inspekta akavaa glovu, akaomba koleo ndogo, akaanza kuvua chupa kama mtu anayechambua mchele. Alipata zile mbili, shingo zimevunjwa, chini kabisa kukiwa na tone lililobaki. Kisha akaomba glasi mbili za maji safi na bomba jipya la sindano.

"Binti, sogea uone," aliniambia. "Na wewe, tabibu."

Katika glasi ya kwanza aliingiza maji mengine. Hakuna kilichotokea, kama mnavyotarajia. Katika glasi ya pili aliingiza lile tone la chupa ya babu. Maji yalichafuka pale pale, ukungu mweupe ukashuka taratibu, kama maji ya kuoshea mchele.

"Diazepamu haipatani na maji," alisema Inspekta Shigela. "Ikikutana nayo inagoma kuyeyuka, inakuwa ukungu. Nimewakamata watu kwa glasi hii kule Mwanza, na wengine nimewaachia huru. Sasa tabibu, maji yakikutana na maji yanafanya ukungu?"

Tabibu Eustace aliinama akaichungulia glasi kwa muda mrefu.

"Labda ilikuwa imepungua nguvu," alisema. "Ilikaa juani."

"Kuna mgonjwa mwingine aliyedungwa kutoka boksi hilo hilo?"

Alikuwepo. Mama mmoja wa Mwimbi, anaitwa Fransiska, aliyeletwa siku hiyo hiyo akiwa na kiwiko kilichotoka. Inspekta akampigia simu, akaweka sauti ya nje.

"Mama, baada ya ile sindano ulijisikiaje?"

"Kujisikia?" Fransiska alicheka hadi simu ikakwaruza. "Afande, mimi nilizindukia nyumbani kwangu! Sijui nilipandaje gari, sijui nilishukaje. Mume wangu anasema njiani nilimwita padre. Niulizie kama wanaweza kunipa nyingine siku ya Jumapili, maana kwangu kuna watoto wengi."

Inspekta alikata simu, akafungua chupa yake ya chai, akajimiminia.

"Boksi moja," alisema. "Mama wa Mwimbi analala mpaka anakuwa mzigo. Mzee wa Izia anaimba misa nzima. Dawa ni ile ile. Kwa hiyo tusiipekue dawa tena. Tumpekue mzee."

Niliruka kwa furaha. Mama mdogo alikuwa karibu kuokoka! Nilitoka nje mbio nikamnong'oneza pale kwenye benchi.

"Mama mdogo, glasi imekutetea!"

"Glasi gani tena?"

"Nitakueleza. Usivae sare bado, ila anza kuipiga pasi."

"Luciana," alisema huku akinitazama kwa jicho moja, "kila ukifurahi hivi mimi huwa naogopa."

Sikuelewa alichomaanisha.

Babu alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya karai la maji baridi. Nje upepo ulikuwa unapiga mabati hadi yanalia, na Inspekta alikuwa anatetemeka ndani ya makoti yake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Babu aliitikia kwa Kifipa, na sauti yake haikuwa ya amani.

"Anasema marahaba," nilitafsiri. "Na anauliza kama umekuja kumkamata Kamanda."

"Kamanda gani?"

"Ng'ombe."

"Mwambie ng'ombe atahojiwa kwa zamu yake. Muulize kwa nini ameweka miguu kwenye maji ya baridi namna hii."

Babu alijibu akisugua nyayo kwenye sakafu ya karai.

"Anasema nyayo zinawaka moto. Kama anatembea juu ya makaa, halafu siafu wanapita. Zimeanza kabla ya Krismasi. Anasema blanketi likigusa vidole anatamani kulichoma." Hayo niliyatafsiri neno kwa neno, na Mungu ni shahidi.

"Usingizi?"

"Anasema usingizi alimwachia nani sijui, haujamrudia siku nyingi. Anakaa anatunga nyimbo."

Inspekta alitikisa kichwa polepole.

"Muulize kuhusu pombe."

Hapo babu alikasirika kweli. Aliongea kwa mkono wake mzima, akaelekeza dirishani, juu mbinguni, kisha kwangu.

"Anasema tangu aanze dozi hajagusa kimpumu. Aliapa mbele ya padre."

"Watu wengi huapa mbele ya padre," alisema Tabibu Eustace, aliyekuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umepata nuru upya. "Afande, hilo ndilo jibu! Mlevi wa siku nyingi halazwi kirahisi na diazepamu. Ubongo wake umeshazoea. Kama siyo Emerensiana, basi ni kimpumu."

Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta aliichukua kwa uzito. Alinipakia kwenye pikipiki mpaka kilabuni kwa Romani, ambaye hupika kimpumu cha ulezi kinachosifiwa mpaka Kalambo. Romani alikuwa nje, anaanika kimea juani.

"Mzee Modesti anakuja hapa?" aliuliza Inspekta.

"Alikuwa anakuja, afande." Romani aliweka mkono kifuani kama mfiwa. "Ukiingia utakuta kiti chake. Hatujakikalia. Tangu aanze vile vidonge hajakanyaga. Jamaa wanakaa wananyonya mirija yao kimya, hakuna wa kuanzisha wimbo. Kilabu kimekuwa kama matanga. Mnipigie simu akipona, nitapika maalumu."

"Hajatuma hata mtoto kumchukulia?"

"Huyu hapa ndiye mtoto wa kutumwa," alisema Romani, akininyooshea kidole. "Mwulize. Hajaja kununua chochote, isipokuwa pipi pale dukani kwa jirani. Pipi ananunua kama ana harusi."

Nilicheka, nikamwambia Romani kwamba yeye ni mcheshi sana, kisha nikapanda pikipiki haraka maana baridi ilikuwa imezidi.

Tuliporudi wodini aliketi karibu na babu, akauliza swali moja tu.

"Mwambie anieleze vidonge vyake vya asubuhi. Vyote, kimoja kimoja, jinsi vilivyo."

Babu alikuwa amepoa kidogo. Alieleza kwa kirefu. Alionyesha kwa vidole ukubwa wa kile kikubwa chekundu na kukunja uso. Kisha alionyesha kitu kidogo sana, akashika koo, akavuta hewa kwa mdomo wa mviringo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kamanda ageuke. Akaendelea kueleza, akanigusa kichwa, akaniita mke wangu, kama babu zetu wote wanavyotutania, akacheka hadi bega likamuuma.

Inspekta Shigela alinigeukia.

"Anasema anameza vyote," nilisema.

"Ndiyo hayo tu?"

"Kifipa ni lugha ndefu, afande."

"Naona," alisema.

Kisha akaniomba nimwite mama mdogo.

Mama mdogo Emerensiana aliingia bila sare, amejifunga kitenge, macho yamevimba. Tabibu alijaribu kumwambia akae, yeye akabaki amesimama.

"Dada," alisema Inspekta, "glasi imeshasema dawa ilikuwa dawa. Sikuiti kama mshtakiwa. Nakuita unisaidie. Mzee anayewaka nyayo, hana usingizi, mikono inamruka, na diazepamu haimshiki. Yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Hilo linakukumbusha nini?"

Mama mdogo alitazama lile karai. Akamtazama Tabibu Eustace. Nao wawili, waliokuwa hawajasemeshana tangu jana, wakatamka kwa pamoja:

"B siksi!"

Tabibu alijipiga kofi la paji la uso lililosikika mpaka wodi ya wazazi.

"Nieleze kama unavyomweleza askari," alisema Inspekta.

Mama mdogo akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Kati ya dawa za kifua kikuu kuna moja inayoitwa isoniazidi. Inaua vijidudu vizuri, ila pia inamnyang'anya mgonjwa vitamini B6, hasa mgonjwa mzee aliyekunywa pombe miaka mingi na anayekula ugali kuliko maharage. Vitamini hiyo ikiisha, mishipa ya fahamu ya miguuni huanza kuwaka. Na kichwani ni hivyo hivyo, maana ubongo huitumia kutengeneza kemikali ya kuziambia neva zitulie.

"Vitabuni inaitwa GABA," aliongeza Tabibu, aliyetaka naye aonekane. "Ikipungua, neva zinapiga kelele ovyo. Mtu hana usingizi, viungo vinaruka. Ikipungua sana anaweza kupata degedege."

"Na sindano?"

"Hapo ndipo nilipokosea," alisema Tabibu, na sauti ya risala ilikuwa imemwishia. "Diazepamu haileti utulivu wake yenyewe, afande. Inafanya kazi kama kipaza sauti kanisani. Padre akisema 'tulieni', inakuza sauti yake mpaka nyuma kabisa. Kama padre hayupo, unaweza kufungulia kipaza sauti mpaka mwisho, watu wataendelea kupiga soga. Mimi nilikuwa naongeza kipaza sauti, na padre nilikuwa sina."

"Ndiyo maana kila anayepewa dawa zile katika umri wake tunampa na kidonge kidogo cha B siksi," alisema mama mdogo. "Mzee Modesti nimempa kwa mkono wangu. Kila alipokuja kuchukua dozi. Sasa imekuwaje imemwishia?"

Mimi nikatia pipi nyingine mdomoni.

"Tuanze na bega," alisema Inspekta Shigela. "Hilo lingine halikimbii."

Katika kabati la dawa kulikuwa na sindano za vitamini B, na ufunguo ukarudishwa mkononi mwa mama mdogo ili alifungue mwenyewe. Alimdunga babu, wakasubiri. Inspekta akala maandazi. Babu akaendelea na nyimbo za Kwaresima ingawa tulikuwa Januari. Mpaka adhuhuri vidole vyake vilikuwa vimeacha kuruka, akatoa mguu mmoja karaini, akautazama kama rafiki aliyerudi safari, akatoa na wa pili.

"Nusu ya dozi ya jana," alisema Tabibu. "Taratibu."

Mama mdogo alisukuma taratibu. Babu alikuwa katikati ya ubeti, amevuta pumzi ya kupandisha sauti juu kabisa. Alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Ulitoka mkoromo mmoja mzito, wa heshima, kama trekta likiwashwa mbali, na kichwa kikaangukia mto.

Wodi nzima ilishangilia. Mgonjwa mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima alipiga makofi mpaka akaambiwa atulie. Tabibu akaushika mkono, akavuta, akazungusha, na bega likarudi mahali pake kwa mlio uliomfanya Inspekta wa Polisi afumbe macho.

"Emerensiana," alisema Tabibu akijifuta jasho, "nimekukosea."

"Umenikosea, tena mbele ya wagonjwa. Uniombe radhi mbele yao hao hao."

Akageuka akawaomba radhi wote, kitanda kwa kitanda, na alipofika kwa yule wa plasta aliambiwa arudie kwa sauti. Mama mdogo alivaa sare palepale juu ya kitenge, akanishika mikono, tukacheza katikati ya wodi mpaka Inspekta naye, ambaye alisema ni kwa ajili ya baridi tu, akatikisa bega moja.

Hapa ningependa kumaliza. Haki imetendeka, mnyonge ameokoka, bega limerudi, na mwandishi ameshachoka. Asanteni kwa kunisoma.

Kwa bahati mbaya babu alizinduka.

Alizinduka jioni, amepumzika, ana njaa, na hasira zote zimeisha. Na babu asipokuwa na hasira huongea Kiswahili kizuri kuliko cha mwalimu wangu.

"Mama Inspekta," alisema, "shikamoo yako ya asubuhi sikuipokea vizuri. Marahaba, mwanangu."

Inspekta Shigela aliweka kikombe chini taratibu sana.

Mama mdogo alileta vidonge kwenye kisahani. "Mzee, asubuhi kwenye vurugu tulisahau dozi yako. Meza sasa, na hiki kidogo usikiache hata siku moja."

Babu alimeza kile kikubwa chekundu. Akatia kile kidogo mdomoni, akaking'ata, akakitema kiganjani.

"Emerensiana! Hiki nini? Kichungu hiki!"

"Ni kile kile cha siku zote, mzee."

"Siyo hicho. Cha kwangu ni kitamu, kinapoza koo mpaka puani. Nilimweleza huyu mama Inspekta asubuhi kwa kirefu. Nilisema mwanzoni nilikuwa navikataa vidonge vyote kwa sababu ya huo uchungu, halafu mke wangu huyu akaja likizo, akaniambia serikali imeleta vipya. Tangu hapo sijakosa hata siku moja."

Inspekta Shigela aliingiza mkono katika koti la ndani, akatoa ile pipi kifua niliyompa mlangoni, akaivunja kipande, akakiweka kwenye kisahani kando ya kile kidonge.

"Hiki, mzee?"

"Hicho hapo!" Babu alikichukua akakitia mdomoni, akavuta hewa kwa furaha. "Mungu awabariki. Nilifikiri mmekifuta."

Watu wote wodini walinigeukia. Hata yule wa plasta.

"Mzee alisema maneno ya kujaza debe," alisema Inspekta, "wewe ukanipa matatu. Hapo nilijua kuna kitu umekimeza. Sikujua kama ni vidonge. Viko wapi?"

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amevaa ile sare aliyovuliwa kwa ajili yangu, na hakuwa ananificha chini ya kitanda chochote.

"Nilidhani ni vitamini tu," nilisema. "Afande, kwenye dawa zile zingine sikugusa hata moja, naapa. Nilidhani kile kidogo ni cha kupamba dozi, na yeye alikuwa anagoma kumeza vyote kwa sababu ya uchungu wake. Nikasema nimwekee pipi. Kwanza ilikuwa utani. Halafu akapenda."

"Nimekuuliza vidonge viko wapi."

"Bwenini kwetu wanasema vitamini B inaongeza akili. Na mimi mwaka huu nina mtihani wa taifa, na babu hana mtihani wowote."

Babu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega lake jipya, machozi yanamtiririka.

"Mke wangu," alisema, "kwa hiyo mimi nimekula pipi zako, na wewe umekula ubongo wangu?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe. Sikujua ungeacha kulala."

"Nilikuwa naimba vizuri, lakini?"

"Vizuri sana, babu."

Mama mdogo hakucheka. Alinishika sikio, akanipeleka mpaka mbele ya Inspekta, akanisimamisha wima.

"Mwandikie maelezo, afande. Yote. Na leo yaandikwe kwa Kiswahili, asitafsiri kitu. Akimaliza atasafisha ile ndoo ya kupigia deki, na kesho ataanza kumpikia babu yake maharage mpaka siku ya kufungua shule."

Inspekta alifungua karatasi, akalamba ncha ya kalamu, akaniuliza kama niko tayari. Nikasema niko tayari. Na haya ndiyo maelezo yangu kamili, niliyoyatoa kwa hiari, sikio likiwa bado mkononi mwa mama mdogo:

Mimi, Luciana, mjukuu na mke wa utani wa mzee Modesti wa Izia, nikiwa na akili timamu, sehemu kubwa ikiwa ni mali ya babu yangu, nakiri kwamba mkosaji anayetafutwa katika habari hizi zote, tangu tangazo la mwanzo, ni mimi. Na hesabu bado sizijui.